Wanataka baba awe mtakatifu, nami najua alichomfanyia dada

Tumsifu Yesu Kristo, Shangazi. Shikamoo.

Barua hii nimeianza mara nne nikaifuta. Leo naituma ilivyo, pamoja na makosa yake.

Baba yangu alikuwa katekista kwa miaka 38. Alifariki miaka miwili iliyopita. Sitii chumvi nikisema parokia yetu haina familia ambayo hakuigusa: huyu alimfundisha komunyo ya kwanza, yule alimpatanisha na mkewe, mwingine alimzikia mzazi siku ambayo padre hakupatikana. Wagonjwa waliokatiwa tamaa na ndugu zao, yeye ndiye aliyekesha nao. Posho yake sikumbuki hata mwezi mmoja ilipofika nyumbani nzima. Mama alilalamika mpaka akachoka.

Tangu azikwe watu hawajaacha kwenda kaburini. Mwaka jana mama mmoja alisema mtoto wake aliyekuwa mahututi alipona baada ya yeye kupiga magoti pale. Basi moto ukawaka. Kaka yangu amechapisha picha za baba zenye mwanga kuzunguka kichwa, nyuma zina sala, na zinagawiwa baada ya misa. Halmashauri ya walei inataka kwenda kwa askofu kuomba mchakato wa kumtangaza mtakatifu uanze. Paroko wetu ni mgeni, hakumfahamu baba. Amenipa mimi daftari kwa kuwa ndiye niliyeishi naye hadi mwisho, akaniambia, "Andika kila unachokijua."

Shangazi, katika ninayoyajua limo na hili. Dada yangu mkubwa alipata mimba akiwa na miaka 19, hajaolewa. Mimi nilikuwa na miaka 14. Baba alimtoa nyumbani usiku uleule. Hakumpiga, hakupaza sauti. Alifungua mlango akasimama pembeni mpaka dada akatoka. Alisema katekista hawezi kuwafundisha watoto wa wenzake amri za Mungu wakati wa kwake wanazivunja chini ya paa lake. Nyumbani tulikuwa tukimwombea kila mtoto kwa jina katika sala ya jioni. Kuanzia usiku ule jina la dada lilirukwa, na lilirukwa kwa miaka 15. Dada alijifungulia kwa watu baki. Mama alikuwa akienda kumwona kwa kificho.

Miaka saba ya mwisho uzee ulimlegeza baba kidogo, akawa anakwenda kwa dada kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, ila dada hakuwahi kumfungulia, basi anakaa barazani halafu anarudi. Hatukuwahi kulizungumza.

Nilipompigia dada kumweleza habari ya daftari, alicheka. Kisha akasema, "Waniite niwe shahidi," akakata simu. Kaka naye anasema marehemu hasemwi vibaya, na nikiliandika lile nitakuwa nimemuua baba mara ya pili. Tena anasema shetani ndiye anayetaka mambo kama hayo yaandikwe.

Nisaidie, Shangazi. Kanisa linatafuta nini hasa kwa mtu mpaka limwite mtakatifu? Aliyefanya kama vile anaweza kuwemo? Na hili daftari nilijaze vipi?

Binti wa Katekista

*

Milele na milele, binti yangu. Marahaba.

Nianze na zile picha, maana hilo halingoji. Mwambie kaka yako aache kuzigawa leo, si kesho. Tangu enzi za Papa Urbano VIII, karne ya 17, Kanisa limekataza mtu ambaye bado hajatangazwa apewe hadharani heshima ya watakatifu, na mwanga kichwani ni mojawapo ya heshima hizo. Siku mchakato utakapoanza, kama utaanza, watu watatumwa kulikagua kaburi na mahali alipoishi kuhakikisha heshima hiyo haikutolewa. Kaka yako anadhani anamsukuma baba mbele, kumbe anamtegea kigingi njiani. Wanaokwenda kaburini kusali kimoyomoyo waacheni waende. Hilo halina katazo. Sifa ya utakatifu inatakiwa ichipuke kwa watu wenyewe, bila ya mtu kuipigia debe.

Na haraka ya nini? Sheria inataka ipite miaka 5 tangu mtu afariki ndipo askofu wa jimbo alikofia aweze kufungua shauri. Papa anaweza kuifupisha, na ameshawahi: kwa Mama Teresa wa Kolkata, kisha kwa Papa Yohane Paulo II mwenyewe. Hao walililiwa na dunia nzima. Baba yako ana miaka miwili tu kaburini. Ile miaka mitano imewekwa ili machozi yakauke, kwa sababu msibani kila marehemu ni malaika. Nimeketi kwenye matanga mengi, na sijawahi kusikia wasifu wa mtu mchoyo ukisomwa.

Sasa swali lako la kwanza. Wengi wanadhani Papa ndiye anayemfanya mtu kuwa mtakatifu, kama mtu anayepandishwa cheo. Sivyo. Mtu huwa mtakatifu au asiwe kwa maisha yake na neema ya Mungu; Kanisa linakuja nyuma, tena polepole, kutambua lililokwisha kutokea. Ndiyo maana kuna sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba, kwa ajili ya umati ambao hakuna aliyewaandikia daftari. Kwa hiyo baba yako kutotangazwa hakutamwondolea kitu, na kutangazwa hakutamwongezea. Faida ya kutangaza ni yetu sisi tuliobaki: tupewe mfano wa kuiga na mwombezi. Ndipo palipo na uzito wote wa kazi yako. Mfano ukiwa wa uongo, tutaiga uongo.

Njia za kufika huko ziko kadhaa. Ya kwanza ni kifodini, kuuawa kwa chuki dhidi ya imani. Hiyo ndiyo ya Karoli Lwanga na wenzake, wale Mashahidi 22 wa Uganda waliotangazwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Usidhani ni habari za zamani tu. Floribert Bwana Chui alikuwa kijana wa miaka 26 kule Goma, Kongo, kazi yake kukagua ubora wa bidhaa zinazovuka mpaka. Julai 2007 alikataa hongo ili chakula kilichoharibika kisiingie sokoni kikawaua watu. Walimteka wakamuua. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenyeheri, yaani ngazi ya mwisho kabla ya kuitwa mtakatifu, tena mfiadini, kwa sababu ilionekana kwamba kilichomfanya akatae ilikuwa imani yake. Mkaguzi wa mpakani! Naye Benedict Daswa wa Afrika Kusini alikuwa mwalimu mkuu na baba wa watoto wanane. Februari 1990 waliomuua ni watu wa kijijini kwake, kwa kuwa alikataa kuchangia pesa za mganga wa kumtafuta mchawi. Siku hiyo hakuwa kanisani wala hakuvaa kanzu.

Mwaka 2017 Papa Fransisko aliongeza njia nyingine, ya mtu anayeyatoa maisha yake kwa hiari kwa upendo, akijua kifo kiko karibu, hata kama hakuna aliyemwua. Hiyo pia si ya baba yako. Yeye alifia kitandani, basi imebaki njia ndefu kuliko zote: fadhila za kishujaa.

Hapa ndipo nataka tukae, kwani ndipo swali lako lilipo.

Fadhila zenyewe unazijua tangu mafundisho ya kipaimara, na pengine ni baba aliyekukaririsha: imani, matumaini na mapendo, kisha busara, haki, nguvu na kiasi. Pamoja na hizo wanaangalia unyenyekevu na utii. Kuwa nazo si ajabu. Kila Mkristo mwema anazo kwa kiasi chake. Neno zito hapa ni "kishujaa". Aliyelifafanua kuliko wengine ni Prospero Lambertini, ambaye baadaye alikuja kuwa Papa Benedikto XIV. Kabla ya hapo kazi yake Roma ilikuwa kupinga. Ndiyo, kupinga. Alishika ofisi ambayo watu waliipachika jina la wakili wa shetani: mtu anayelipwa na Kanisa lenyewe atafute kila doa la anayependekezwa, aulize maswali ambayo hakuna mwenye kuyapenda. Kwa hiyo kaka yako akisema shetani ndiye anayetaka yale yaandikwe, amekaribia kupatia bila kujua. Ni wakili wake tu aliyetaka, na mshahara wake ulitoka kwa Papa. Mwaka 1983 Yohane Paulo II aliubadili utaratibu na ofisi ile ikapunguzwa makali, lakini wajibu wa kukusanya ushahidi wa pande zote mbili haujafutwa. Hata leo anayesema "huyu hapana" ni lazima asikilizwe.

Nakupa mfano. Mama Teresa, kabla hajatangazwa mwenyeheri mwaka 2003, Kanisa lilimwita mwandishi Christopher Hitchens atoe ushahidi. Huyu hakumwamini Mungu, na kwa miaka mingi alikuwa amemwandika vibaya mtawa yule. Alikuja akasema yake, yakaandikwa. Basi dada yako anaposema "waniite niwe shahidi" huku akicheka, asidhani ametania. Shauri likifunguliwa, ataitwa kwelikweli.

Lambertini alifundisha kwamba ushujaa wa fadhila unaonekana mtu anapotenda mema kwa wepesi, bila kusukumwa, kwa furaha, tena katika mambo magumu, na kwa muda mrefu mpaka imekuwa ndiyo tabia yake. Yaangalie maneno hayo vizuri. Hakuna linalosema mtu asiwe na kosa. Hakuna linalosema awe ameona maono au kunena mambo ya ajabu. Yohane Maria Vianney alishindwa Kilatini mpaka akaondolewa seminari, na leo ndiye msimamizi wa maparoko. Teresa wa Mtoto Yesu aliingia monasterini na miaka 15, akafa na miaka 24, na hakuna alilofanya humo ambalo lingeandikwa gazetini. Carlo Acutis, aliyetangazwa mtakatifu Septemba 2025, alikuwa kijana wa kompyuta aliyekufa kwa saratani ya damu akiwa na miaka 15.

Wala hakuna linalosema watu wengi wawe wamempenda.

Lakini maneno hayo yanauma upande wa pili vilevile, na sitakuficha. Fadhila ya kishujaa haipimwi kwa wageni. Kukesha na mgonjwa wa jirani ni jambo kubwa, nami namvulia baba yako kofia. Ila mgonjwa wa jirani hakuaibishi. Mtoto wako ndiye anayekuaibisha. Mapendo yanayomfikia kila mtu katika parokia yakaishia kizingitini mwa nyumba yako yana kasoro, na mkaguzi yeyote makini ataiona. Louis na Zélie Martin, wazazi wa huyo Teresa niliyemtaja, ni wanandoa waliotangazwa watakatifu pamoja tarehe 18 Oktoba 2015. Miongoni mwa mabinti zao yumo Léonie, mtoto mgumu sana, aliyefukuzwa shule, aliyempa mama yake usiku mwingi wa wasiwasi. Barua za Zélie zaidi ya 200 zimehifadhiwa, na ndani yake anaonekana mama aliyechoka na asiyejua afanye nini na binti huyu. Hawakumfungulia mlango atoke. Léonie alijaribu utawa akashindwa, akarudi nyumbani, akajaribu tena, mpaka hatimaye akatulia. Leo na yeye mwenyewe ni Mtumishi wa Mungu, jina analopewa mtu ambaye shauri lake limeshafunguliwa. Nalitaja hili ulione, kwa maana wakaguzi wa baba yako watalijua.

Sasa nirudi kwenye barua yako. Kuna sentensi umeiandika kama mtu anayepita njia tu, kati ya mama kwenda kwa kificho na dada kucheka kwenye simu. Umesema uzee ulimlegeza kidogo, akawa anakwenda kwa dada kila Jumamosi ya kwanza, hafunguliwi, anakaa barazani, anarudi.

Kwa miaka saba.

Nimepiga hesabu, binti yangu. Ni kama mara 84. Mzee aliyezoea kupokewa kila nyumba kwa vigelegele ametoka mara 84 kwenda kwenye mlango mmoja ambao anajua haufunguki, kukaa nje, majirani wakimwona, na kurudi. Na wewe uliyeishi naye umeliita hilo uzee!

Lakini ngoja, nisije nikafanya kosa la kaka yako la kuchora mwanga kichwani. Kukaa barazani peke yake si fadhila. Yawezekana ilikuwa hatia inayomtafuna. Yawezekana ulikuwa ubishi, kwamba mimi ni baba yako na utanifungulia tu. Yawezekana alikwenda ili aonekane. Au yawezekana ilikuwa toba, na katika kazi hii toba ina uzito mkubwa kuliko miaka 38 ya mafundisho. Kanisa lina Petro aliyekana mara tatu, na Agustino aliyepata mtoto nje ya ndoa kabla ya kubatizwa. Lina hata Mark Ji Tianxiang, tabibu wa China, aliyejitibu tumbo kwa afyuni akanaswa nayo, akakaa miaka 30 bila kupokea komunyo kwa kuwa hakuweza kuiacha, lakini hakuacha kwenda kanisani. Mwaka 1900 alikamatwa pamoja na jamaa zake, akaomba yeye auawe wa mwisho ili asiwepo wa nyumbani kwake atakayekufa peke yake. Yeye ni mfiadini, njia yake ni ile ya kwanza, kwa hiyo simlinganishi na baba yako. Namtaja ili ujue kwamba doa haliwafukuzi wanaochunguza. Wanachotaka kujua ni mtu aliliishije doa lake mpaka mwisho.

Na hilo ni wewe unayelijua, au unaweza kulijua ukijikumbusha. Alipokuwa akirudi Jumamosi zile, alirudi na uso gani? Aliwahi kumsema dada kwamba ni mkaidi, hana shukrani? Au alinyamaza, au aliwahi kusema kosa ni lake? Jina la dada lilirudi lini katika sala ya jioni? Umesema lilirukwa kwa miaka 15, maana yake kuna jioni moja lilitajwa tena. Ilikuwaje jioni ile? Nani aliyelitaja kwanza?

Kisha kuna swali ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote. Katika miaka ile ya mwisho, binti wa mtu mwingine alipopata mimba, na katika parokia hakosekani, baba yako alimwambia nini mzazi wake? Kama alisema "mtoe", basi baraza la dada lilikuwa la uzee tu, na mimi nitafunga mdomo. Kama alikwenda nyumba ile usiku akamwambia mwenzake, "Usifanye nilichokifanya mimi," mtafute mzazi huyo popote alipo, ushuhuda wake ni dhahabu. Mtu anayekubali kujiaibisha ili mtoto wa mwenzake asilale nje, huyo ndiye anayenifanya nisogeze kiti nisikilize.

Habari ya mtoto aliyepona nitaisema kwa ufupi, kwani mnaitegemea kuliko inavyostahili. Kwa asiye mfiadini unahitajika muujiza mmoja atangazwe mwenyeheri, na mwingine uliotokea baada ya hapo atangazwe mtakatifu. Nao huja baada ya fadhila kuthibitishwa, pale Papa anapokuwa ameshamtambua kuwa Mheshimiwa. Uponyaji wenyewe unatakiwa uwe wa ghafla, kamili, wa kudumu, na usio na maelezo ya kitabibu. Madaktari watakaosoma mafaili hawaulizwi kama ni muujiza. Wanaulizwa kama sayansi inaweza kueleza. Kama mtoto yule alikuwa akitumia dawa, na mama yake alikuwa akimwomba baba yako pamoja na Mtakatifu Antoni na Bikira Maria, msitegemee kitu. Furahini tu kwamba yuko hai. Vyeti vya hospitali vya kabla na baada mvitunze, basi. Na si lazima muujiza uwe wa ugonjwa: Sista Irene Stefani, yule Wakenya waliyemwita Nyaatha, alitangazwa mwenyeheri kule Nyeri mwaka 2015 kwa maji ya chombo cha ubatizo yaliyowatosha watu waliokimbilia kanisani Nipepe, Msumbiji, wakati wa vita mwaka 1989. Mambo ya namna hiyo hayapangwi na halmashauri ya walei.

Turudi kwa dada, maana katika barua yako kila mtu anahangaika na jina la baba, na yeye mmemfanya kuwa tatizo la baba. Dada yako si doa katika maisha ya mtu mwingine. Ni mtu aliyetolewa nje usiku akiwa na miaka 19 na mtoto tumboni. Hana deni la kumsamehe mtu ili ninyi mpate mtakatifu. Josefina Bakhita wa Darfur, aliyetekwa utotoni akauzwa na kuuzwa tena, mwili wake ukachanjwa alama zaidi ya 100, alifikia mahali pa kusema angewapigia magoti waliomteka, kwa kuwa bila ya wao asingemjua Kristo. Ni mtakatifu tangu mwaka 2000. Ole wako ukimpelekea dada yako hadithi hiyo kama somo. Bakhita alifika huko kwa miguu yake mwenyewe, hakuna aliyemvuta mkono.

Kwa hiyo, kabla hujaandika mstari hata mmoja unaomhusu, nenda kwake. Usipige simu. Mwambie umepewa daftari, na lile la usiku ule umekusudia kuliandika, na hutaliandika bila yeye kukubali. Kama anataka kusema mwenyewe, mpe kalamu. Akisema jambo lile ni lake na halitaki katika karatasi za watu wa kanisa, mheshimu. Katika daftari andika kwamba lipo jambo zito la kifamilia ambalo mwenyewe ameomba lisielezwe hapa, na kwamba siku wakija wa jimbo wamwulize yeye. Hapo hujasema uongo wala hujamvua mtu nguo.

Kwa kaka yako una jibu moja tu, na limo katika maneno yake mwenyewe. Kama maneno ya kweli yanaweza kumuua baba mara ya pili, basi aliyekuwa akimwombea mwanga kichwani si baba. Mwambie kwa upole. Naye amefiwa.

Na jinsi ya kulijaza: andika ulichokiona kwa macho yako mbali, ulichokisikia mbali, na uliyekisikia kwake umtaje. Weka mwaka, hata wa kukadiria. Usiandike "alikuwa mnyenyekevu". Andika siku gani alifanya nini, mbele ya nani. Maneno ya sifa wakaguzi wana magunia yake. Usiuweke usiku ule mwishoni kama mtu anayeungama kwa haraka. Uweke mwaka wake ulipoangukia, kisha endelea na miaka 15, kisha na Jumamosi zile, kila kitu mahali pake. Andika na posho iliyokuwa haifiki, ila na malalamiko ya mama uyaweke, kwa sababu ukarimu wa mume unaolipwa na mke nao una maswali yake.

Kuna jambo moja ambalo hakuna anayeweza kukujazia zaidi ya dada. Siku utakayokwenda, mkiwa mmeketi na mmeshazungumza mengine, muulize kama katika zile mara 84 aliwahi hata mara moja kumwangalia baba kupitia dirishani, na alimwona akifanya nini pale barazani. Asipotaka kujibu, andika tarehe, andika kwamba uliuliza na hakujibu, halafu utie sahihi yako.